Mke Mwenza Mwenye Miguu Minane

Haya alinisimulia Juliana mwenyewe, kwake Gendabi, tukichambua maharage, miaka mingi baada ya matrekta ya shamba la ngano la serikali kunyamaza. Alianza hivi: "Siku ile nilichemsha maji ya kumuua mke mwenzangu."

Nikaacha maharage. Akacheka. Mke mwenza alikuwa buibui.

Mumewe, Joakimu, alikuwa dereva wa trekta shambani, zamu ya usiku. Jembe lilipofukua udongo lilifumua mashimo ya wale buibui wakubwa, upana wa kiganja, manyoya kama paka. Wenzake waliwakanyaga. Yeye aliwapenda. Aliwaweka kwenye makopo, akawalisha panzi, akawasemesha.

Hakuwa na bahati nao. Mmoja aliliwa na kuku. Wengine walikufa kambi ya wafanyakazi ilipopuliziwa dawa ya mbu. Mchumba wake wa kwanza, Letisia, alikuja kusalimia, akafunua kopo akidhani lina sukari, na chai yake ikapoa mezani. Mwenyewe alikuwa ameshafika barabarani. Joakimu alisikitika kidogo, kisha akaokota buibui mwingine.

Ndipo akamwoa Juliana, binti wa kijiji cha Tlawi, ambaye hakuambiwa habari za kopo mpaka alipokwisha kuhamia.

Chumba cha kambi kilikuwa kimoja: kitanda, mtoto, masanduku na kopo. Wanawake bombani walimtania kila asubuhi.

"Juliana, mke mwenzio ameamkaje?"

"Ameamka salama. Ila hachoti maji, hatwangi."

Juliana aliomba wahame, wajenge kwao, vyumba viwili. Joakimu alijibu yaleyale: "Nyumba ya kambi ni ya bure, Mama Patriki. Mtu anaachaje cha bure?"

Mwisho Juliana akasema, "Huyo mdudu akiwa bado yumo humu mavuno yakiisha, narudi Tlawi kwa mama, na mtoto namchukua. Au siku moja nitachemsha maji."

Joakimu alijua hatanii. Lakini hakumtoa buibui.

Asubuhi moja alirudi kazini, vumbi mpaka kwenye kope. Sakafu ilikuwa imelowa, inatoa mvuke. Sufuria tupu iko mlangoni. Kopo limelala ubavu. Katikati ya maji, miguu minane, kimya.

"Nimechoka, Baba Patriki," Juliana alisema. "Nimechoka kabisa."

Joakimu akapiga magoti, akamwokota kwa vidole viwili. Alikuwa mwepesi kama pumba za ngano, na mgongoni ana mpasuko mmoja ulionyooka.

Moyo ukamruka. Huyu hakuwa buibui, ilikuwa ngozi tupu! Buibui hawa hujivua ngozi nzima, miguu na yote, kama mtu anavyovua koti. Joakimu alikwisha kuona jambo hilo, lakini nyakati zote mkewe alikuwa Tlawi. Juliana hajui. Juliana ameua koti.

Basi Joakimu, badala ya kusema, akalia. Alilia kwa sauti mpaka majirani wakajaa mlangoni.

Akaitwa mzee Akonaay, mlinzi wa ghala. Ugomvi wa mke na mume kambini ulisemwa mbele yake: kila mmoja anatoa neno lake, kisha wote wanakunywa kibuyu kimoja cha pombe. Kikishanywewa, jambo halifukuliwi tena, hata ikijulikana baadaye kwamba mtu alisema uongo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nani amekufa?"

"Buibui."

Mzee alikitazama kile kitu kiganjani mwa Joakimu. "Na mimi nimekimbia na magoti haya! Haya, sema neno lako."

"Nataka ruhusa ya kufuga mwingine," Joakimu alisema akifuta pua. "Na nisitishiwe tena maji wala Tlawi, maisha yangu yote."

"Mama Patriki?"

"Namruhusu," Juliana alisema, macho chini. "Ila huyo mwingine awe na chumba chake. Tuhame hapa, anijengee nyumba ya vyumba viwili kabla ya mvua."

Joakimu alifungua kinywa kusema habari za bure. Akakumbuka kwamba anamdanganya mkewe, tena mbele ya mzee. Akaona aibu.

"Sawa," akasema.

Wakanywa. Mzee akapangusa midomo, akaondoka akitikisa kichwa, na Juliana akamsindikiza, mtoto mgongoni.

Hapo Joakimu akaanza kumtafuta mnyama wake. Akakung'uta viatu, akainua godoro, akapekua masanduku, akachungulia chini ya mabati. Hayupo. Sasa akaogopa kweli, maana buibui aliyetoka kujivua ni laini kama ugali, kuku mmoja anamtosha. Amuulize nani? Aliyekwisha kuliliwa hatafutwi. Usingizi wa zamu ukamshinda, akaanguka kitandani na vumbi lake, akilia, na safari hii machozi yalikuwa ya kweli.

Juliana aliporudi alisimama mlangoni mpaka akasikia mumewe anakoroma. Akamlaza mtoto, akaenda kwenye kibanda cha jiko, akafunua chungu cha uji, mahali ambapo hakuna mwanamume wa kwetu anayetia mkono. Buibui alikuwa humo, mzima, manyoya mapya yakimeta, palepale alipomhamishia kwa mwiko alfajiri, kabla ya kuimwagia maji ile ngozi tupu. Akamrudisha koponi, akamwekea maji kwenye kifuniko cha soda kama mumewe alivyokuwa akifanya, akajilaza kando ya mtoto, akalala.