Koti la Brigedia

Gwaride la kumuaga Brigedia Sikudhani, aliyekuwa anastaafu siku hiyo, lilikuwa limeshajipanga uwanjani. Yeye alikuwa bado ndani ya ndege ya mizigo, amevaa koti lake la sherehe lenye nishani kifuani na cheo mabegani, akikagua msaada wa kwenda kwenye mji uliozingirwa na mafuriko.

"Dawa ziko wapi?"

"Mbele kabisa, Afande," akajibu rubani, Kapteni Lugendo. "Tulizipakia kwanza zisije zikasahaulika."

"Basi zitatoka mwisho. Wagonjwa wangoje mpaka unga wote ushuke?"

"Mvua inakuja, Afande. Na wageni wako wamekaa."

"Wageni wana viti. Shusheni."

Hakugomba. Alishika ncha moja ya gunia, Lugendo akawahi ncha ya pili, na askari wote wakaingia kazini. Unga ukaenda mbele, dawa zikaja karibu na mlango wa nyuma. Brigedia akavuta kila mkanda wa kufungia mizigo kwa mkono wake, kama alivyofanya tangu akiwa luteni, mpaka akafika kwenye kasha la chupa za dripu. Lilikuwa linacheza. Akavua koti, akalikunja, akalisokomeza kwenye pengo. Kasha likatulia.

"Nishani zako, Afande," Lugendo akasema taratibu.

"Ruka kabla ya mvua."

Ndege ilipopaa, alikuwa anatembea kuelekea kwenye gwaride, shati limejaa unga. Mpiga ngoma wa mbele alimtazama mabegani, hakuona cheo chochote, lakini akainua fimbo zake kumpigia ngoma ya heshima.