Nywele za Leona

Zikiwa zimebaki dakika kumi pazia lifunguliwe kwa onyesho la mchana mjini Toledo, Leona alivua wigi la nywele za dhahabu alilolivaa miaka kumi na minane, akiigiza binti wa miaka kumi na sita.

Mwigizaji anayecheza bibi wa binti huyo alikuwa ameshikwa na homa. "Bibi nitamcheza mimi," akamwambia meneja. "Binti achezwe na yule mwanafunzi wangu. Maneno yote anayajua."

"Umerukwa na akili, bibiye? Watu wamekuja kuona nywele hizo!"

"Basi waonyeshe," akasema, akamtupia wigi mikononi.

Nywele zake mwenyewe zilikuwa fupi, zimelowa jasho, na mvi zimetanda kutoka kwenye paji hadi utosini. Hakuna mtazamaji aliyewahi kuziona. Alizichana kwa vidole tu, asipake kitu.

Akaingia jukwaani. Akaketi kwenye kiti cha bibi, akaanza kusema kwa sauti yake ya kweli, ile nzito aliyoificha miaka yote.

Katika safu ya mbele, mwanamke mmoja mwenye mvi alivua kofia yake, akasogea ukingoni mwa kiti.