Kati ya Gia ya Pili na ya Tatu

Baba aliizunguka mara tatu baiskeli niliyomnunulia, mikono nyuma, kama anamkagua mchumba wangu.

Ilikuwa mpya kabisa, ila imetengenezwa kwa mtindo wa zamani, sawasawa na ile aliyosambazia barua miaka thelathini: nyeusi, kiti cha ngozi chenye springi, gia tatu.

"Imeiga sura tu," alisema. "Roho haina."

"Si uipande kwanza, Baba."

Akaipanda huku amenuna. Karibu na geti nikamwona anasukuma kijiti cha gia kwa kidole gumba, kutoka mbili kwenda tatu. Ile ya zamani ilikuwa na kilema hapohapo. Pedali zilikuwa zinalegea ghafla, na ndivyo alivyopoteza jino la mbele.

Pedali zikalegea.

Mama alitoka mbio na ndara moja mguuni. Baba alikuwa chali kwenye ua wa michongoma, gurudumu likizunguka juu ya kifua chake. Alipitisha ulimi kwenye meno polepole, kisha akatema kitu kidogo cheupe kiganjani, akakitazama.

"Mwambie mwanao," alimwambia Mama, uso umemkunjuka, "roho inayo."