Toleo Jipya la Bi Saumu

Siku hizi marehemu hazikwi na maneno yake. Sauti, sura na kumbukumbu zake hufanywa maktaba ya msimbo huria, yaani programu ya kompyuta iliyo wazi kwa wote, na yeyote mwenye tovuti au skrini huisakinisha bure, akaitumia na kuirekebisha apendavyo. Ndiyo sheria.

Zuwena alimsakinisha mama yake, Bi Saumu, kwenye skrini ya jikoni, wapate kuzungumza kila asubuhi akibandika chai. Akimwamkia, Bi Saumu haitiki kwanza. Huuliza, "Umekula?" Marahaba huja baadaye, kama alivyokuwa enzi za uhai wake.

Leo maktaba ilijisasisha yenyewe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mpendwa. Nikusaidie nini?"

Zuwena alimwita mdogo wake Kassim, fundi wa tovuti. Kassim alisoma skrini, akakuna kichwa.

"Watu wengine wanaomtumia mama wameripoti kosa, dada. Wanaamkia, wanaulizwa chakula. Wasimamizi wa maktaba wakaona ni hitilafu, wakaiondoa."

"Basi mrudishe wa zamani."

"Matoleo ya zamani yamefungwa. Labda tuwatumie wasimamizi pendekezo waturudishie swali lake."

Wakatuma. Jibu lilifika kabla chai haijachemka: pendekezo limekataliwa, hakuna mtumiaji mwingine anayelihitaji.

"Asante kwa mchango wako," alisema Bi Saumu, kwa upole ambao hakuwa nao hata siku moja.

Chai ilifurika, ikazima moto. Zuwena hakuiepua.

"Sijala, mama," alisema.

Bi Saumu akatabasamu, akamwonyesha mikahawa mitatu iliyo karibu.