Waziri Mkuu Asiyejua Kivuko

Mwenyezi Mungu humwinua mnyonge kutoka mavumbini, lakini hamwondolei hofu. Simba alipomteua Pimbi kuwa waziri mkuu, nyika yote ilinung'unika, na Pimbi mwenyewe akatetemeka.

Siku ya tatu, moto ukawafukuza wanyama hadi ukingoni mwa mto.

"Tuvushe basi, mheshimiwa!" Fisi akacheka. "Au miguu haifiki chini?"

"Haifiki, ndugu yangu. Wala sijui kivuko kilipo," Pimbi akakiri, aibu ikimchoma kuliko moto. "Anayekijua, kwa jina la Muumba, anifundishe."

Kiboko akaibuka majini. "Mawaziri wanne wamezama hapa na makundi yao, na hakuna aliyeniuliza. Nifuateni."

Wengine wakavuka. Fisi, aliyechelewa kwa kiburi, alimkuta Pimbi bado ukingoni upande wa moto, akimngoja.

"Panda mgongoni, mheshimiwa," Fisi akasema, safari hii bila kicheko.