Damu ya Kulinganishia

Karibu seli zote zilikuwa za buluu, na katika maabara ile buluu ni rangi ya msiba: seli iliyokufa hunywa rangi, iliyo hai huikataa.

Fundi wa maabara aliondoa jicho kwenye hadubini, akalifikicha, akalirudisha. Buluu ileile.

Seli zilizoziua hizi alizilea yeye mwenyewe kwa wiki tano. Alizipokea zikiwa seli shina, changa kabisa, kutoka damu ya kitovu cha mtoto mchanga, zisizojua zitakuwa nani ukubwani. Akazilisha vichocheo, akazibadilishia maji hata Jumapili huku mumewe akila kiporo, mpaka zikakomaa kuwa wauaji wa asili, wale askari wa mwili wanaoua saratani na kumwacha mwenye afya apite. Jana aliwajaribu. Seli za saratani waliziua. Lakini pia waliziua seli nyeupe za damu ya kulinganishia, damu ya mtu mzima asiye na ugonjwa.

Damu hiyo ilikuwa ya Profesa, mkuu wa maabara. Hakuruhusu itumike nyingine.

"Damu ya nani itaishinda yangu?" alipenda kusema. "Miaka thelathini sijameza kidonge."

Tangu aanze kukimbia asubuhi, mkanda wake ulikuwa umetobolewa matundu mawili mapya, na kila aliyeingia ofisini alionyeshwa.

Profesa alikuja, akachungulia, akaguna.

"Umefuga majambazi, binti yangu. Askari asiyemjua raia wala mwizi ni wa nini?"

"Labda nimekosea vipimo, Profesa. Nikutoe damu tena?"

"Unitoe tena?" Alikunja mkono wa shati. Pale alipochomwa wiki tatu zilizopita pangali peusi, pana kama kiganja. "Hii ni sindano au jembe? Mwaga zote. Kesho mchana nisione hata chupa moja. Mradi umekwisha."

Fundi alijifungia chooni, akalia hadi akatosheka. Kisha akanawa uso na kufanya jambo ambalo hakutumwa: alijitoa damu mwenyewe, akamtoa mlinzi wa getini, akamfuata na mama mfagizi.

"Yangu ina sukari, mwanangu," mama mfagizi alicheka, mkono kautoa tayari. "Utanywea chai."

Usiku ule wauaji walilala na wageni watatu. Asubuhi fundi aliweka rangi, akashusha pumzi, akachungulia. Yake haikuwa na buluu. Ya mlinzi, hakuna. Ya mama mfagizi, na sukari yake, hakuna. Wauaji walikuwa wamepita kando yao kwa adabu zote.

Alipiga kigelegele, peke yake humo ndani. Kigelegele hakikufika mwisho: jicho lake lilikuwa limeangukia chupa ya damu ya Profesa.

Mchana Profesa alimkuta ameketi, mikono mapajani, na chupa zote zimo kabatini kwenye joto lake.

"Nilikwambia umwage! Husikii?"

Fundi aliinuka, akamvutia kiti.

"Kaa kwanza, Profesa," alisema. "Huenda ukazihitaji wewe."