Ukuta wa Fundi Polepole

Fundi Polepole alikuwa ameshafunga mwiko na timazi kwenye mfuko, yuko njiani kwenda getini. Nyapara alikuwa amemfukuza asubuhi hiyo, kisa kuloweka kila tofali majini kabla ya kulijenga, ili lishike saruji vizuri.

"Mzee, unajenga au unafua?" alimcheka, kisha akaenda kunywa chai na vibarua nyuma ya ukuta wa fundi huyo huyo.

Ndipo lori la mchanga likakatika breki. Lilishuka mtelemko mzima kinyumenyume, honi ikilia, likaubamiza ukuta.

Fundi akatupa mfuko, akakimbilia ukutani roho mkononi.

Vumbi lilipotua, ukuta ulikuwa umesimama. Bodi la lori ndilo lililokunjika. Akaweka kiganja juu ya matofali. Yalikuwa bado yanatetema, taratibu, kama ubavu wa ng'ombe aliyetoka mbio.

Upande wa pili mtu akakohoa.

"Tupo," nyapara akasema. "Baba, tupo wote."

Dereva alishonwa nyuzi tatu kwenye paji la uso. Vibarua walirudi kazini kesho yake. Nyapara aliacha ujenzi, akafungua duka la mbegu. Fundi aliitwa, hakurudi. Alijenga kwingine, kwa mwendo wake, mpaka macho yalipofifia.